Usibofye "Allow": Kwa Nini Tunasema Arifa Zote Zizimwe Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Kuna kidude kinachochomoza pembeni mwa skrini, chini upande wa kulia, wakati uko katikati ya shughuli zako. Leo kinakuambia kompyuta yako imepatikana na virusi 5. Kesho umeshinda simu mpya. Jioni kuna mkopo wa shilingi 30,000, bila dhamana, bila kuangaliwa CRB, bofya hapa. Ukikifunga kinarudi. Ukifunga tena kinarudi na mwenzake.

Watu wengi huchukulia hiyo kama kero tu, kama mbu. Unapunga mkono, unaendelea na kazi. Sisi tunaona tofauti, na ndiyo maana blogu ya kampuni ya malipo inakaa chini kuandika kuhusu kompyuta wakati ungetarajia tukuambie mambo ya PIN na laini ya simu. Popapu hizo hazitumwi na mtu anayetaka kukusumbua bure. Zinatumwa na mtu anayetafuta pesa, na kwa mteja wa Kenya pesa ziko kwenye simu. Kompyuta ni pale tu anapoanzia kubisha.

Hebu tuanze na jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa. Popapu nyingi za siku hizi si virusi. Ni arifa, yaani ujumbe ambao tovuti fulani inaruhusiwa kukutumia kupitia kivinjari chako, iwe ni Chrome, Edge au Firefox. Na neno la kutilia mkazo hapo ni "inaruhusiwa". Mtu fulani nyumbani, siku fulani, alibofya kitufe kilichoandikwa "Allow".

Si kwamba huyo mtu ni mjinga. Ametegewa. Anaingia tovuti ya kupakua muvi, au ya kutazama mechi bila kulipa, au ya kugeuza faili ya Word iwe PDF, na kabla hajaona kitu anakutana na picha ya roboti na maneno ya kumwambia abofye "Allow" ili athibitishe yeye ni binadamu. Kwingine kuna mshale mkubwa unaoelekeza kwenye kitufe hicho hicho, na maandishi kwamba video itaanza ukibofya. Video haina uhusiano wowote na kitufe hicho. Kile kisanduku kidogo kilichotokea juu, karibu na anwani ya tovuti, ni cha kivinjari chenyewe, na kinauliza swali moja tu: je, hii tovuti ikutumie arifa? Ukikubali, umeipa tovuti ile ufunguo wa pembe ya skrini yako. Hata ukiifunga na usirudi tena maishani, inaweza kuendelea kutuma ujumbe kila kivinjari kinapokuwa kinafanya kazi, na vivinjari vingine huendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya wewe kufunga dirisha.

Ndiyo maana unaweza kununua antivirusi ya bei, ukaskani kompyuta nzima, ikakuambia iko safi, na bado popapu zinakuja. Antivirusi haidanganyi. Hakuna kirusi. Kuna ruhusa.

Sasa pesa zinaingilia wapi?

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida. Laptopu ni moja, iko mezani sebuleni. Mtoto wa Grade 7 anaitumia kwa kazi ya shule, kaka yake wa chuo anatazamia mpira, mama anafanyia mahesabu ya chama na kujaza iTax mwezi wa sita ukikaribia kuisha. Arifa iliyoruhusiwa na kaka wikendi inamtokea mama Jumatatu. Inasema mkopo wake umepitishwa. Ina nembo inayofanana na ya kampuni anayoijua, na imekuja ndani ya kompyuta yake mwenyewe, si kwa mtu asiyemjua barabarani. Akibofya anapata ukurasa msafi, rangi nzuri, unamuuliza jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Halafu gurudumu linazunguka kidogo, na jibu linatoka: amefaulu kupata shilingi 30,000, inabaki ada ndogo ya kushughulikia ombi, tuseme shilingi 250.

Na hapo ndipo simu yake inawaka. Ile popapu ya malipo ambayo sote tumeizoea, inayokuomba uweke PIN ili ulipe kiasi fulani kwa biashara fulani, imemjia kwenye simu yake halisi, kutoka kwa mfumo halisi wa malipo. Yeye anaiona kama uthibitisho kwamba mambo ni ya kweli. Anaweka PIN. Shilingi 250 zinaenda. Dakika mbili baadaye kuna ada nyingine, ya bima ya mkopo. Mkopo wenyewe hauji.

Tungependa wateja wetu waelewe vizuri kilichotokea hapo, kwa sababu ndipo mzozo mkubwa unapoanzia baadaye mtu anapopiga simu huduma kwa wateja akiwa na hasira. Hakuna aliyevunja mfumo. Hakuna aliyeiba PIN. Kwa macho ya mfumo huo ni muamala halali kabisa: simu ni yako, laini ni yako, PIN ni yako, na umeiweka mwenyewe. Mtu yeyote mwenye akaunti ya biashara iliyounganishwa na mfumo wa malipo anaweza kutuma ombi la kulipwa kwa nambari yoyote aliyopewa, vile vile supamaketi au kampuni ya basi inavyofanya unaponunua tiketi mtandaoni. Ile popapu ya kwenye simu inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba kuna mtu anataka umlipe. Haithibitishi kwamba anastahili.

Kwa hivyo soma mistari miwili kabla ya PIN: jina la anayelipwa, na kiasi. Kama umeambiwa ni kampuni fulani ya mikopo na jina linalotokea ni la kitu usichokijua, ghairi. Na kama ni mkopo, jiulize mbona anayekupa pesa anaanza kwa kukuomba pesa. Kwa maoni yetu hakuna swali la maana kuliko hilo.

Lakini kuishi kwa kutegemea kusoma mistari miwili ni kama kulinda shamba ukiwa umelala mlangoni. Siku moja utapitiwa na usingizi. Ni afadhali ufunge lango kule mbali, kwenye kompyuta.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba uwe makini, uchague tovuti za kuamini, ukubali arifa za zile tu unazozijua. Unasikika vizuri. Sisi hatukubaliani nao. Kwenye kompyuta ya nyumbani, inayoshirikiwa na watu wanne au watano wa rika tofauti, umakini wa mmoja hauwasaidii wengine. Msimamo wetu ni kwamba arifa za tovuti zizimwe zote, kabisa, hata lile swali lenyewe lisiulizwe tena. Ukihitaji moja au mbili, utaziongeza kwa mkono.

Kuna watakaosema tunazidisha. Watasema barua pepe za kazi zinakuja kwa arifa, kalenda inakukumbusha mkutano, WhatsApp kwenye kompyuta inakuonyesha ujumbe. Sawa. Hesabu basi ni ngapi unazihitaji kweli. Ukifika tatu umejitahidi. Na karibu zote tayari ziko kwenye simu yako, ambayo iko mfukoni. Wenzetu wa masoko watatununia kwa kusema hivi, maana arifa ni njia rahisi ya kumfikia mteja, lakini mteja anayezoea kubofya kila kinachochomoza ni mteja atakayekuja kulia kwetu kesho.

Kuizima ni kazi ya dakika chache. Kwenye Chrome, bofya vidoti vitatu vilivyo juu kulia, fungua "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Chagua mstari unaosema tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa. Usiishie hapo, na hapa ndipo wengi hukosea: kuzima swali jipya hakufuti ruhusa za zamani. Teremka chini kwenye ukurasa huo huo utaona orodha ya tovuti zilizokwisha kuruhusiwa. Jitayarishe kushangaa. Kwenye kompyuta ya familia utakuta majina ambayo hakuna anayekumbuka, mengine ni herufi na tarakimu zilizochanganywa tu. Bofya vidoti vitatu mbele ya kila moja uondoe. Ukiona jina na hulijui, usilifungue ili uone ni nini. Ondoa tu.

Kwenye Edge mpangilio wa menyu umebadilishwa mara kadhaa, kwa hivyo njia rahisi ni kufungua "Settings" na kuandika neno "notifications" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye Firefox ingia "Settings", halafu "Privacy & Security", teremka hadi "Permissions", na mbele ya "Notifications" kuna kitufe. Ndani yake kuna kisanduku cha kuzuia maombi mapya yote. Kiweke tiki. Kama nyumbani kuna vivinjari viwili, fanya kwa vyote viwili, maana kila kimoja kina orodha yake.

Hizo ni arifa. Popapu za aina ya zamani, zile zinazofungua dirisha jipya zima zenyewe, huzuiwa na vivinjari vyote vikubwa bila wewe kufanya lolote. Shida huja pale tovuti halali inapozihitaji. Tovuti ya benki au ya chuo inaweza kufungua risiti au fomu katika dirisha jipya, na kivinjari kikaizuia, mtu akaamua kuondoa kizuizi chote kwa hasira. Usiondoe chote. Kivinjari kikizuia dirisha huonyesha alama ndogo kwenye mstari wa anwani. Bofya alama hiyo uruhusu tovuti ile moja tu.

Kuna hadithi nyuma ya haya mambo, na inaunga mkono msimamo wetu. Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya tovuti iliyoitwa Tripod miaka ya 1990, aliandika mojawapo ya programu za kwanza za kufungua tangazo katika dirisha lake lenyewe. Sababu ilikuwa ndogo: kampuni kubwa ya magari ilikasirika kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, kwa hivyo wakaona bora tangazo liwe na dirisha lake, lisihusishwe na ukurasa. Mwaka 2014 aliandika makala katika jarida la The Atlantic akaomba radhi. Radhi ameomba, popapu tumebaki nazo.

Waliokuwa na kompyuta za Windows XP miaka ya mwanzo ya 2000 wanakumbuka nyingine: kisanduku cha kijivu chenye kichwa "Messenger Service", kinatokea hata kama hujafungua kivinjari. Ile ilikuwa huduma iliyowekwa ili msimamizi wa mtandao wa ofisi aweze kuwaambia wafanyakazi kwamba, kwa mfano, printa itazimwa saa nane. Watuma taka wakagundua wanaweza kuipita kwenye intaneti wakamfikia mtu yeyote duniani. Watu walifundishwa jinsi ya kuizima, mmoja mmoja, na wengi hawakuwahi kufundishwa. Kilichomaliza tatizo ni Service Pack 2, mwaka 2004, ambapo Microsoft waliizima huduma hiyo kwa wote waliosasisha, na wakaweka kizuizi cha popapu ndani ya Internet Explorer.

Arifa za tovuti zimefuata njia ile ile. Chrome ilizileta mwaka 2015 kama jambo la kurahisisha maisha, watu wa hadaa wakazivamia. Januari 2020 Firefox ikaamua kwamba lile swali la arifa lisichomoze lenyewe, lionekane kama alama ndogo tu hadi mtu aguse. Chrome nayo mwaka huo ikaanza kuweka njia ya kimya zaidi. Hatua nzuri, lakini nusu. Tukiulizwa, tungesema kivinjari kije kikiwa kimefungwa na anayetaka afungue. Hadi watakapofanya hivyo, kazi ni yako na dakika zako chache.

Tugeukie popapu mbaya zaidi, kwa sababu hii inaweza kumaliza akaunti nzima, si shilingi 250.

Unabofya kitu, na ghafla skrini yote inajaa. Rangi ya buluu au nyekundu, nembo ya Microsoft, king'ora kinalia, sauti ya kompyuta inasema usizime mashine, data yako inaibwa, piga nambari hii ya msaada sasa hivi. Panya inakataa. Kitufe cha kufunga hakionekani. Imeandikwa Kiingereza kizito cha kiofisi, na hatuwezi kupuuza hilo: wazazi wetu wengi wamelelewa kuogopa barua ya Kiingereza yenye nembo. Hawasomi ili wapinge, wanasoma ili watii. Hawa matapeli wanalijua hilo kuliko sisi.

Jambo la kwanza la kumwambia mzee wako: ukurasa wa tovuti hauwezi kupekua mafaili ya kompyuta yako uhesabu virusi. Hauna uwezo huo. Ile "5" ni tarakimu iliyoandikwa na mtu, kama vile mimi na wewe tungeandika 7. La pili: Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba onyo lao halali haliwi na nambari ya simu. Ukiona onyo lina nambari ya kupiga, hilo peke yake limetosha kukuonyesha ni uongo.

Kutoka pale, bonyeza na ushikilie kitufe cha Esc hadi skrini irudi saizi ya kawaida. Kisha bonyeza Alt na F4 pamoja. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu zinazoendelea. Chagua kivinjari, bofya "End task". Ikikataa kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mashine izime. Hakuna kitakachoibwa kwa sababu umezima, hata kama sauti inapiga kelele kinyume chake. Ukiwasha tena na kivinjari kikuulize kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Aliyepiga ile nambari hukutana na mtu mwenye adabu sana. Anamwomba asakinishe programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Hizo ni programu halali, mafundi wa kweli huzitumia kila siku, na ndiyo maana hazishtui antivirusi. Lakini akishaingia, kila unachokiona anakiona. Na hapa wateja wa pesa za simu huwa wanajidanganya: "simu yangu iko mkononi, yuko kwenye kompyuta tu." Je, umeunganisha SMS zako zionekane kwenye kompyuta? Je, WhatsApp yako iko wazi hapo? Je, barua pepe ambayo benki inatumia kukurudishia neno la siri iko wazi? Basi ile nambari ya mara moja inayotumwa kukuthibitisha, yeye anaisoma wakati mmoja na wewe. Ushauri wetu kwa wanaotumia kompyuta ya pamoja ni kutounganisha SMS na kompyuta hata kidogo. Raha yake ni ndogo, hatari yake ni kubwa.

Ikiwa mtu tayari amemruhusu mgeni aingie, chomoa intaneti kwanza, kabla ya kubishana naye kwenye simu. Zima ruta kama hujui pa kubofya. Kisha ondoa ile programu, na ubadilishe maneno ya siri ukitumia kifaa kingine.

Zinabaki popapu zinazoendelea hata baada ya kufuta arifa zote. Hizo mara nyingi zina programu nyuma yake, na programu iliingia na kitu cha bure. Programu ya kushusha video, kigeuza PDF, mchezo wa mtoto, au ile "activator" ambayo fundi aliweka ili Windows isidai leseni. Tunajua hili la mwisho ni gumu kulizungumza, maana laptopu nyingi za mitumba zinauzwa zikiwa hivyo tayari na mnunuzi hata hajui. Lakini programu inayovunja kufuli ya Windows huomba kwanza uzime ulinzi wa Windows ili ifanye kazi. Fikiria fundi wa mlango anayekuambia uondoe kufuli na usirudishe.

Fungua "Settings" ya Windows, uende "Apps", upange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Tazama siku popapu zilipoanza, uangalie ni nini kiliingia siku hiyo au iliyotangulia. Halafu fungua orodha ya viendelezi ndani ya kivinjari, vile vijiprogramu vinavyoongezwa juu ya kivinjari, uondoe chochote ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kukieleza. Kisha endesha skani kamili ya Windows Security, ambayo iko ndani ya Windows bila malipo yoyote. Hauhitaji kununua kitu kingine, na kwa hakika hauhitaji kununua kitu kilichotangazwa na popapu.

Wale wanaotaka kwenda mbali zaidi wanaweza kuweka kizuia matangazo. uBlock Origin ni ya bure kwenye Firefox, na Chrome ina toleo dogo linaloitwa uBlock Origin Lite. Faida ya pembeni: matangazo ya video yanayojiendesha yenyewe hayatakula bando lako. Ila blogu nyingi za humu nchini zinaishi kwa matangazo, kwa hivyo zile unazozipenda unaweza kuziruhusu. Hapo tunakuachia mwenyewe.

Kitu kimoja kinachosaidia sana na hakisemwi sana: watoto wawe na akaunti yao kwenye Windows, isiyo ya msimamizi. Inachukua dakika kumi kuiweka. Mtoto akitaka kusakinisha kitu, kompyuta itaomba neno la siri la mzazi. Na ile arifa atakayoiruhusu akitafuta katuni itabaki upande wake, haitamfuata mama kwenye hesabu za chama.

Na kama pesa zimeshatoka? Piga simu kwa kampuni yako ya malipo mara moja, usisubiri asubuhi, kwa sababu pesa zikishatolewa upande wa pili kuna machache ya kufanya. Tumia nambari iliyo kwenye tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe au ndani ya programu ya simu, si nambari uliyoipata kwa kutafuta haraka haraka kwenye kompyuta ile ile yenye popapu. Badilisha PIN kwa kutumia simu. Weka ujumbe wa muamala wenye msimbo wake, usiufute kwa hasira. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inalitaja kosa la kuhadaa watu mtandaoni kwa jina, kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba ni uzembe wako tu. Kama ulijaza nambari ya kitambulisho kwenye ule ukurasa, mwambie wakala wa huduma hilo pia, kwa sababu jina, kitambulisho na nambari ya simu vikiwa pamoja ndivyo anavyohitaji mtu wa kubadilisha laini.

Ukitokewa na popapu usiyoielewa, ipige picha kwa simu kabla hujaifunga, anwani ya tovuti ikionekana kama inawezekana, na ututumie kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu yetu. Ikiwa imetaja jina letu au kutumia nembo yetu, tungependa kuiona hata kama hukupoteza chochote.